Jinsi ya kuendesha kikao cha hadithi kati ya majirani wa rangi tofauti Nairobi

Maswali ni yale yale. Niite watu wangapi? Nianzie wapi? Mtu akilia nifanye nini? Je, Wahindi watakuja? Hilo la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini. Wahindi nao huniuliza la kwao, kwa sauti ya chini vilevile: hao wengine watakuja kwa wema au watakuja kutudai? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, kwa hivyo nayaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kukusanya watu wachache wa asili mbalimbali katika jiji hili, Waafrika na Wahindi, Wasomali na majirani zao, Wanubi wa Kibra na wapangaji wao, hata Mzungu wa Karen akikubali, wasimuliane yaliyowapata na wasikilizane hadi mwisho. Sikufundishi kuandaa mkutano wa amani. Hiyo tunaijua: hema, fulana nyeupe, hotuba sita, soda, kisha kila mtu anarudi kwake na kinyongo chake kikiwa kizima.

Nadharia ni hii tu. Ukimuuliza mtu anawaonaje Wahindi, atakupa maoni, na kila maoni yana mpinzani wake aliyekaa tayari. Ukimuuliza siku yake ya kwanza kazini katika duka la Mhindi, atakupa saa, mlango wa nyuma, harufu ya ubani na neno aliloambiwa. Hayo huwezi kumbishia, maana hukuwepo. Kazi yako yote siku hiyo ni kuzuia watu wasikimbilie maoni.

Na kama unashangaa kwa nini tuhangaike, angalia ramani. Reli ilifika hapa 1899, na mji uliokua kando yake ukagawanywa kwa rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi Ngara, Pangani na Parklands, Waafrika Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, mwanamume Mwafrika akitembea na kipande, kitambulisho alicholazimishwa kubeba. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, ikabaki ya Wazungu peke yao kwa zaidi ya miaka 20. Sheria hizo ziliondoka, mitaa ikabaki ilipo. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kuishi kilomita tatu kati yao kwa miaka 40 na wasiwahi kukaa meza moja, isipokuwa mmoja akiwa anamhudumia mwenzake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Watu 8 hadi 12. Wakizidi hapo wengine watakuwa watazamaji. Usimwite mtu wa jamii moja akiwa peke yake. Msomali mmoja kati ya watu tisa atageuzwa msemaji wa Wasomali wote, naye alikuja kusimulia habari za mamake. Angalau watatu kila upande. Na kumbuka neno "Mhindi" tunalolitumia kirahisi linabeba Wagujarati, Wapunjabi, Wagoa, Waislamu, Mabaniani na Makalasinga, ambao wao wenyewe hawajioni kitu kimoja.

Waendeshaji wawili, mmoja kutoka kila upande. Ukiendesha peke yako, hata uwe malaika, nusu ya watu watakuona mtu wa wale.

Mahali pasipo na mwenyewe. Si kanisani, si msikitini, si hekaluni, wala si kwenye bohari la tajiri aliyewaajiri wengine kati yao. Ukumbi wa jamii mtaani unatosha. Kikao changu cha kwanza nilikifanya katika ukumbi wa kanisa kwa sababu ulikuwa wa bure. Wazee wawili Waislamu walifika hadi langoni, wakaongea kidogo na mlinzi, wakarudi. Nilikuja kuambiwa baadaye.

Viti vinavyofanana, vimepangwa duara, bila meza katikati. Vikombe navyo vifanane vyote. Utaona sababu mbele.

Chakula kisichomwacha mtu nje. Hapa waandaaji wengi huanguka kabla hata ya salamu. Sambusa za nyama zina maswali ya halali, mayai hayaliwi na kila Mbaniani, na Wajaini hawagusi vitunguu wala viazi, kwa hivyo hata bajia zako hazikuokoi. Ndizi mbivu, karanga, chai ya maziwa na chai ya rangi. Basi. Mwezi wa Ramadhani usiitishe kikao cha mchana.

Siku na saa. Ijumaa adhuhuri kuna sala, Jumamosi Wasabato wako kanisani, Jumapili asubuhi ni ya wengine. Mimi huchukua Jumapili, saa nane na nusu mchana hadi saa kumi na moja na nusu, watu wawe kwenye matatu kabla giza halijaingia na nauli haijapanda.

Nauli, kiasi kimoja kwa wote. Posho usitoe, ukishalipa watu kukaa, hutajua tena ni nani alitaka kukaa. Aliyekuja na gari kubwa pia mpe bahasha yake kama wenzake. Mzee mmoja aliipokea akaisaini kwa uso wa mtu aliyelipwa mshahara wake wa kwanza, na ukumbi mzima ukacheka. Ndicho kilikuwa kicheko cha kwanza cha siku hiyo.

Mwishowe: saa ya kuhesabu dakika, kamba ya katani ya mita nne au tano, karatasi ndogo, kalamu nene, maji, tishu, na mwiko. Mwiko huu huu wa ugali. Aliyeushika ndiye anayesema.

Hatua

1. Zungumza na kila mtu peke yake, wiki moja au mbili kabla. Dakika 20 zinatosha, ana kwa ana ukiweza. Mweleze kitakachofanyika, kisha muulize: ni hadithi gani unaweza kuisimulia mbele ya mtu usiyemjua, na ni ipi ambayo hutaki iguswe? La pili lina uzito kuliko la kwanza. Mjulishe pia chifu na mwenye ukumbi, ili pasije mtu kuuliza mlangoni mnapanga nini humo ndani.

2. Kubalianeni lugha. Nairobi, kikao kikianza kwa Kiingereza, waliosoma sana watakishika na wengine watatikisa vichwa. Anzeni kwa Kiswahili, cha kila mtu kama alivyo nacho, na anayekwama atumie lugha ya mama huku mwenzake akimtafsiria. Onyo: Kiswahili cha Wahindi wazee kimefanywa mzaha jijini humu kwa miaka mingi. Mtu akianza kukiiga, hata kwa utani, mkatize hapo hapo. Yule mzee hatasema neno lingine hadi jioni.

3. Fungueni kwa masharti machache. Mimi hutaja manne. Ni mwiko kusema bila mwiko. Simulia lililokupata wewe, si lililowapata "watu wetu". Yanayosemwa hapa hayatoki na jina la mtu. Unaweza kupita zamu yako bila kutoa sababu. Zaidi ya hayo, simu ziingie kwenye kikapu. Usirekodi sauti wala picha bila ridhaa ya kila mmoja. Tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data, na hata isingekuwepo, video ya mtu akilia haihitaji kusambaa. Kisha mmoja wa waendeshaji anasema "Paukwa!" na waliokulia pwani au waliosoma Kiswahili shuleni watajibu "Pakawa!" kabla hawajajizuia. Wasiojua wataelezwa na jirani, na hapo mazungumzo ya kwanza yameshaanza bila wewe kuyaanzisha.

4. Mzunguko wa majina, dakika mbili kila mtu. Swali: jina lako ulipewa na nani, na kwa nini? Usilidharau. Mjaluo ataeleza kwamba Otieno alizaliwa usiku. Mkikuyu atamtaja nyanya yake aliyemwachia jina. Msomali atahesabu jina lake, la baba na la babu. Patel atasema jina hilo lilikuwa cheo cha mkuu wa kijiji huko Gujarat, na kwamba babu yake, pamoja na cheo hicho, alianza hapa kwa kuuza mishumaa. Watu hugundua kwamba kila mmoja amebeba marehemu wake kwenye kitambulisho. Hakuna atakayeumia katika mzunguko huu, na wewe utaona nani huongea sana.

5. Wawili wawili. Hapa ndipo kikao kilipo. Mengine yote ni maandalizi. Pangeni jozi ninyi waendeshaji, msiwaachie wachague. Swali liwe dogo, lenye mahali ndani yake: nisimulie siku ambayo rangi yako au asili yako ilikufikia kabla hujafungua mdomo. Mmoja asimulie dakika tano. Mwenzake hasemi kitu: haulizi, hafariji, hasemi "pole", hasemi "hata mimi". Dakika zikiisha, msikilizaji arudishe alichosikia, akianza na neno "Nimesikia", na msimulizi amsahihishe hadi aseme, "Ndiyo, ndivyo." Kisha wabadilishane.

Kurudisha ndiko kazi. Mtu anayejua ataulizwa arudishe hana nafasi ya kutunga jibu kichwani mwenzake akiwa bado anasema.

Niliwahi kuwakalisha pamoja mama wa Huruma aliyefanya kazi za nyumbani Parklands miaka 11, na bibi wa Kihindi aliyezaliwa Ngara. Mama akasimulia kikombe. Kilikuwa cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, rangi imebanduka karibu na mkono. Kilikaa nje, kwenye dirisha la jikoni. Hakikuingia kabatini, hakikuoshwa na vingine. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndicho chake. Siku ya kwanza alikikuta na chai ndani. Alipoacha kazi alikiacha dirishani.

Bibi alifungua mdomo, na neno la kwanza likawa "lakini". Nikainua mkono. Akanyamaza, akaanza upya: "Nimesikia kikombe kilikaa nje dirishani." Akaendelea hadi akafika kwenye ukingo wa buluu, akasimama. Akasema kwao pia kilikuwepo, na kwamba maisha yake yote hakuwahi kujiuliza kinakaa nje kwa nini.

Zamu ikageuka. Bibi akasimulia Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, maduka na nyumba za Wahindi ziliporwa. Yeye na dadake walikuwa chini ya kitanda. Walichoona ni miguu ya mwanamume ikipita chumbani, nayo ilikuwa imevaa ndala za baba yao. Mama wa Huruma alipewa nafasi ya kurudisha. Nilijua anayo maneno ya kusema juu ya umaskini na matajiri, na mengine ni ya kweli. Hakuyasema. Akasema, "Nimesikia kwamba alikuwa amevaa ndala za babako," na hakuongeza kitu.

Usipime kikombe na siku ile ya ndala kwenye mizani moja. Wala usiwaambie kwamba sasa wako sawa, kwa sababu hawako sawa; mmoja alirudi Huruma kwa matatu na mwingine alikujiwa na dereva.

6. Chai, dakika 20. Usiwape kazi yoyote. Kaa mbali, angalia nani anamjazia nani.

7. Kamba ya miaka. Nyoosha kamba sakafuni. Weka mwenyewe miaka michache tu iliyo kwenye kumbukumbu ya wote, kisha kila mtu aandike siku yake kwenye karatasi na kuiweka mahali pake. Mimi huanza na 1899, 1963, 1982, 2008, 2014 na 2017. Mwaka 2008 hauhitaji maelezo kwa Mkenya. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na waliofukuzwa wapo katika kila mtaa. Julai 2017 ndipo Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44. Kila mara kuna mzee atakayeguna hapo: babu yangu alikuwa hapa kabla ya Uhuru, mimi nikawa Mkenya 2017?

Mwaka 2014 mara nyingi hupata karatasi mbili zinazogusana. Moja imeandikwa na mtu aliyekuwa karibu na milipuko ya Eastleigh ya tarehe 31 Machi. Nyingine ni ya Msomali aliyechukuliwa nyumbani siku chache baadaye, katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, akalala uwanja wa Kasarani akingoja kuthibitisha kwamba yeye ni Mkenya. Usiunganishe karatasi hizo kwa maelezo yako. Waache wenyewe wainame wasome.

Vijana wengi hawajawahi kusikia kwamba Makhan Singh, Kalasinga aliyeongoza vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili hadharani mwaka 1950 katika ukumbi wa Kaloleni, akazuiliwa hadi 1961, wala kwamba Pio Gama Pinto, mbunge mwenye asili ya Goa, aliuawa Nairobi Februari 1965. Wataje, inafaa. Ila mtu asiwatumie kama risiti ya kuonyesha kwamba deni limelipwa.

8. Fungeni kwa zamu fupi. Kila mtu ashike mwiko na kutaja kitu kimoja alichosikia, si alichojifunza. Ukiuliza walichojifunza utapata hotuba. "Nimebaki na zile ndala" inatosha. Waambieni tarehe ya kikao kijacho kabla hawajasimama. Kimoja hakitoshi, mimi huhesabu vitatu kabla ya kusema tumeanza.

Makosa yanayojirudia

La kwanza ni kumgeuza aliyeumia kuwa mwalimu. Hakuja kumfundisha mtu ubaguzi ni nini. Alikuja kusikilizwa kama wengine, na akiulizwa "kwa hivyo tuwaiteje?" hana wajibu wa kujibu.

La pili, kuharakisha msamaha. Kuna waendeshaji wanaopenda watu washikane mikono mbele ya kamera. Nimeona hilo likifanywa na shirika moja lililokuja na mpiga picha wake. Wale wawili walishikana mikono vizuri sana, na hawajaonana tena.

La tatu, kuwaita mwajiri na mfanyakazi wake kikao kimoja. Mfanyakazi atasema ukweli Jumapili, Jumatatu ana bosi. Usifanye hivyo hata wote wawili wakikuomba.

La nne ni la mwendeshaji mwenyewe: kuongea. Ukimya wa sekunde 20 huonekana kama saa nzima. Hesabu kimoyomoyo, tazama viatu vyako, usiujaze.

Mambo yakiharibika

Mtu analia. Msogezee maji na tishu, usimguse bila ruhusa, usisimamishe duara. Muulize tu: uendelee, upumzike au upite? Mwendeshaji wa pili atoke naye akitaka kutoka. Machozi si dharura. Lakini mtu akianza kutetemeka, kupumua kwa shida au kuonekana kama hayupo pale, simamisha zamu yake, mkae nje, na umpigie simu baada ya siku mbili. Tafuta mapema mshauri nasaha ambaye unaweza kumwelekeza kwake.

Mtu anasema, "Mimi sina ubaguzi, nina marafiki wengi Wahindi." Usibishane. Mwambie amchague mmoja kati ya marafiki hao na asimulie siku moja waliyokuwa pamoja. Ama itatoka hadithi nzuri, ama atanyamaza.

Mashindano ya machungu. "Sisi ndio tuliumia zaidi" ni maoni, hata yakija na machozi. Rudisha swali: wewe mwenyewe ulikuwa wapi, saa ngapi?

Tusi limetamkwa. Yapo majina ambayo kila jamii huitwa mtaani, na mengine mtu huyatamka bila kujua yanachoma. Simamisha, mwombe aliyesema arudie sentensi yake kwa neno lingine, endeleeni. Akirudia tusi lile lile kwa makusudi, kikao chake kimeisha. Mrudishie simu na nauli yake.

Mtu anakiri kosa la jinai. Hili lilinikuta, na sikuwa nimejiandaa. Siku hizi nasema mwanzoni kabisa kwamba kikao hiki si mahakama wala kitubio, na kwamba anayekusudia kumdhuru mtu, au anayejua mtoto anayedhulumiwa, sitamfichia siri.

Mwanasiasa amesikia na anataka kuja kusalimia. Mwambie karibu, viti ni kumi na mbili, simu kikapuni, zamu ya jina ni dakika mbili. Hajawahi kuja hata mmoja.

Kikao cha pili wamekuja watu wanne. Msiahirishe. Ondoeni viti vilivyobaki, sogeeni karibu, fanyeni hatua ya 5 peke yake. Kesho yake wapigie waliokosa, kwa simu na si kwa ujumbe wa kundi, na usiulize kwa nini hawakuja. Waambie tu kiti chao kipo, Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane na nusu.